Ndege gani ni ya ukoo wenu? Nimekuta 5H-MMT kwenye daftari la babu

Mjukuu wa Fundi (Moshi)

Habarini wakuu, shikamooni wakubwa.

Babu yetu mzaa baba tumemzika mwezi wa nane huko Kwasadala, na juzi shangazi akatuita wajukuu tukasafishe chumba chake maana kuna dada yetu anarudi kuishi pale. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, yale ya wanafunzi wa bweni zamani, wote tukajua humo kuna hati ya kihamba, yaani shamba la ukoo, wengine tayari wameshaanza kukohoa kohoa si mnaijua hali ya wajukuu wa Kichaga pakifunguliwa sanduku. Kumbe hati iko kwa mchungaji siku zote. Sanduku limejaa mambo ya ndege.

Kuna beji ya chuma imeandikwa East African Airways, kuna bisibisi fupi zimefungwa kwenye kitambaa cha mafuta, kuna kitambulisho cha kuingilia uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, picha imefutika uso wote limebaki sikio tu, na kuna daftari la mistari jalada limeliwa na mende. Ndani ya daftari ni mwandiko wake kabisa, ule wa kulala kushoto, kurasa na kurasa za kitu kama hiki: 5H-MMT, breki kushoto, zamu ya usiku. 5Y-ADA, taa ya bawa. 5X-UVJ, tairi mbili mbele. 5H-MOG, haidroliki, mvua kubwa. Pembeni kuna herufi za watu, nadhani aliofanya nao kazi.

Sasa wakuu huyu mzee sisi tumemjua kama fundi wa mashine za kumenya kahawa na mabomba ya kupulizia mibuni, kijiji kizima kilimwita Fundi. Tulijua tu "alikuwa Nairobi zamani" na kwamba alirudi 1977 na begi moja, basi, mada imefungwa. Habari za ndege sikuwahi kumsikia akizigusa, isipokuwa ile KLM ya jioni ikiwa inashuka kuelekea KIA, uwanja wa Kilimanjaro, alikuwa anainua kichwa anasema "huyu leo kachelewa" halafu anaendelea na ugali wake, na sisi tukiona ni vituko vya uzee.

Maswali yangu mawili. Hizo namba ni za ndege gani na ziliishia wapi, kama kuna mtu anajua. La pili ni la kwetu wote, hivi nyie wenzangu wa huku kaskazini mnaopenda ndege, kwenye familia zenu kuna ndege mnayoihesabu kama ya ukoo? Sio lazima uwe umeipanda.

---

Nimekaa Paleee

Uzi mtamu huu. Ngoja wajuzi waje, nimeshanunua karanga.

---

Kipanga wa Usa River

Mkuu pole kwa msiba. Na kabla ya yote hilo daftari usimwachie mtoto achoree.

Babu yako hakuwa fundi wa ndege za mchezo. Hizo ulizoandika zote nne ni Super VC10, ndege kubwa kuliko zote East African Airways iliyowahi kuzimiliki, injini nne zote zimewekwa nyuma mkiani, mbili kila upande, mkia wenyewe mrefu una umbo la T. Zilianza kuja 1966, zikawa tano jumla. Hiyo herufi ya mwanzo ndiyo nchi: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda. Kwa kuwa shirika lilikuwa la nchi tatu basi na ndege wakagawana usajili, ndio maana daftari la mtu mmoja lina nchi zote, kwake yeye zilikuwa za kampuni moja na karakana moja Embakasi.

Zote tano hizi hapa pamoja na namba ya kiwandani: 5X-UVA ni 881, 5H-MMT ni 882, 5Y-ADA 883, 5X-UVJ 884, 5H-MOG 885. Namba ya kiwandani ndiyo ya kuishika, usajili unabadilika kila ndege ikiuzwa lakini ile ya kiwandani inazaliwa na ndege na inakufa nayo. Na hiyo 5H-MOG ina heshima yake, ni VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa duniani, ilikuja 1970, baada yake kiwanda hakikutengeneza nyingine.

Kwenye daftari la babu 5X-UVA hukuitaja, haimo kabisa, au imo kurasa za mwanzo halafu inapotea? Nauliza kwa sababu hiyo ilipata ajali Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 wakati wa kuruka, watu 43 walifariki. Kama daftari linaanzia baada ya hapo basi tumeshapata umri wake.

Zile nne zilizobaki, shirika lilipovunjika mwanzoni mwa 1977 zikarudishwa Uingereza kwa watengenezaji. Watu wengi wanadhani zilikatwa chuma chakavu. Hapana. Jeshi la anga la Uingereza lilizichukua, zikaenda Filton zikafumuliwa ndani zikawekwa matenki, zikawa ndege za kujazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MMT ikawa ZA147, 5Y-ADA ikawa ZA148, 5X-UVJ ikawa ZA149, 5H-MOG ikawa ZA150. Zimefanya kazi vita vya Ghuba vya 1991 na miaka mingi baada ya hapo.

Sasa shika kiti. VC10 zilistaafu Septemba 2013. Tarehe 24 ZA150 ikatua Dunsfold, na kesho yake tarehe 25 ZA147 ikaruka kwenda Bruntingthorpe, na hiyo ndiyo ilikuwa safari ya mwisho ya VC10 yoyote duniani. ZA147 ndiyo 5H-MMT. Ya kwetu. Hiyo yenye breki ya kushoto zamu ya usiku.

Babu 2013 alikuwa hai?

---

Mjukuu wa Fundi (Moshi)

Aisee mkuu Kipanga nimesoma hapa stendi nikapitwa na gari.

Alikuwa hai, tena ana nguvu, 2013 ndio mwaka alinitengenezea baiskeli ya kwenda sekondari. Ina maana wakati anakaza cheni ya baiskeli yangu pale uani, ndege aliyoishughulikia akiwa kijana ilikuwa bado inaruka huko na alama za jeshi la watu, na hakuna mtu hata mmoja wa kumwambia. Dah.

5X-UVA nimeangalia, haipo kabisa. Ukurasa wa kwanza ni Februari 1973.

---

Mlipa Kodi

Ndege ya ukoo wangu ni ile 787 iliyofika Julai 2018, 5H-TCG, maana kodi yangu imo mle. Sijui ni tairi au mkanda wa kiti ila imo. Kuipanda bado.

---

Binti wa Mabogini

Mlipa Kodi umenichekesha nikiwa kazini.

Yetu sisi haina namba wala ukubwa, ilikuwa ya kupulizia kwelea kwelea. Waliokulia kwenye mpunga huku chini, Mabogini, Chekereni, Kahe mtanielewa. Mpunga ukianza kushika maziwa kwelea kwelea wanakuja kama moshi, na kabla serikali haijaleta ndege jeshi la kwanza ni sisi watoto, unaamshwa alfajiri unaenda kuamia, unapiga debe, unarusha udongo kwa teo, unapiga kelele mpaka sauti inakauka, shule utaenda ukibahatika. Ndege ikija kwetu sikukuu, maana kesho tunalala.

Inakuja jioni jua likishaanza kuzama, baadaye nilielewa kwa nini, mchana kwelea kwelea wametawanyika mashambani huwezi kuwapata, jioni wanarudi wote kulala sehemu moja kwenye matete, hapo ndipo rubani anawafuata. Yaani anapita chini mno, unamwona kichwani kavaa vile vitu vya masikioni, anapanda juu ghafla anageuka kwa ubavu anarudi tena. Mama anapiga kelele funikeni maji, ingizeni kuku, nani kaacha kanga kwenye kamba, na sisi tumesimama kwenye tuta la mfereji midomo wazi. Asubuhi kulikuwa na marufuku kali ya kuokota wale ndege waliokufa maana ile dawa ni sumu, mama alikuwa anasimama na fimbo kabisa.

Kaka yangu ndio alipagawa. Alisema atakuwa rubani, alichora ile ndege kwenye kila daftari mpaka la dini. Leo ni dereva wa Kosta Moshi Arusha, na ukipanda gari lake mkianza kushuka Kikafu utajua ile ndoto haijafa.

---

Chalii wa Kisongo

Hahaha dada tutajie jina la hilo gari tulikwepe.

Ya kwetu ni jumbo lililotua Kisongo, ule uwanja mdogo wa Arusha, Desemba 2013, wa Arusha wote mnaijua. Nasema jumbo kwa macho yetu sisi, ilikuwa Boeing 767, ilitakiwa kwenda KIA ikatua kwetu. Mimi nilikuwa form two, maza alikuwa na kibanda cha chai na maandazi njia ya kuingia uwanjani, wateja wake wapakia mizigo na madereva wa wageni, broo naye alikuwa mpakia mizigo humo ndani. Siku ile Jumatano mchana tukasikia sauti ambayo sio ya pale. Sisi ukikulia Kisongo unajua sauti, Caravan ile unaijua, Twin Otter unaijua, ATR ya Precision unaijua na saa zake. Hii ilikuwa kitu kingine, maza akaacha chai jikoni ikamwagika yote.

Ikatua wazee. Ikatua na ikaendelea kwenda, ranwei ikaisha yenyewe bado inaenda, ikaishia kwenye majani mwisho kule. Ranwei ya Kisongo kipindi kile mita 1,620 hivi, KIA ni mita 3,600, fikiria mwenyewe. Na watu wanacheka wanasema rubani kalewa sijui nini, ila kuna kitu hawakijui, ranwei ya Kisongo na ya KIA zimelala uelekeo mmoja, zote ni 09 na 27, mashariki magharibi, umbali kati yake kama kilometa hamsini tu. Ukitoka angani ukaona lami mbele yako imelala vile ulivyotarajia, moyo unaridhika. Hakuna aliyeumia, hilo la kumshukuru Mungu.

Sasa kasheshe ikawa kushuka. Kisongo haikuwa na ngazi ya kufikia mlango wa ndege ya vile, ngazi zetu ni za ndege unazopanda kama unapanda kitandani. Abiria wamekaa mle ndani masaa, broo anasema mzungu mmoja alikuwa anapunga mkono dirishani kama malkia. Nje uzio umejaa watu, wamasai wa mnadani na ng'ombe zao, wanafunzi, bodaboda, maza aliuza siku ile kuliko mwezi mzima. Siku kadhaa mbele wakaipunguza uzito ikaruka tupu, na siku hiyo tulijaa tena kuona kama itaweza. Iliweza, tena iliinuka mapema kuliko tulivyodhani.

Maza mpaka leo anahesabu miaka kwa ile ndege. "Huyu alizaliwa kabla ya ndege."

---

Rubani Mtarajiwa

Chalii umeieleza vizuri, naongezea kidogo kwa wanaoshangaa kwa nini Kisongo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Sio urefu wa lami peke yake. Kisongo iko juu, karibu mita 1,390 kutoka usawa wa bahari, KIA iko chini yake kwa mita karibu 500. Ukiwa juu hewa ni nyepesi, na mchana wa jua inazidi kuwa nyepesi, bawa linapata kidogo cha kushika na injini inapata kidogo cha kula, kwa hiyo ndege ileile yenye mzigo uleule inataka mwendo zaidi na lami zaidi ili iinuke. Ndio maana kwenye ndege ndogo za Serengeti wanapima begi lako kwa kilo 15 na kuna siku wanakupima na wewe, sio ubahili.

Na hapo ndipo VC10 ya babu inapoingia. Ile ndege ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya aina hii, Nairobi pale Embakasi ni zaidi ya mita 1,600, Johannesburg nayo iko juu hivyo hivyo. Injini zilipelekwa nyuma ili bawa libaki safi lifanye kazi yake yote ya kunyanyua. Ndege nyingine za wakati ule Nairobi mchana zilikuwa zinaacha abiria au mafuta, VC10 inaondoka nazo. Bahati mbaya sifa hiyo ilikuja na uzito na kunywa mafuta mengi, mashirika mengi yakapenda Boeing 707, zikatengenezwa VC10 54 tu.

---

Mpagazi Mstaafu (Marangu)

Mimi sina ya kuchekesha ila swali limesema ndege ya ukoo basi na sisi tunayo.

Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya hao hao East African Airways ilikuwa inatoka Dar kwenda Nairobi ikagonga Mawenzi, kile kilele cha pili cha Kilimanjaro. Watu 20, hakupona mtu. Usajili wake VP-KKH, enzi hizo za mkoloni Kenya ilikuwa VP-K na Tanganyika VR-T, hizi 5H na 5Y zimekuja baada ya uhuru. Mzee wetu mzaa mama alikuwa kijana wa kubeba mizigo ya wageni, na kwa maelezo yake mwenyewe alipanda na watu waliokwenda kule juu. Mnaoijua Mawenzi mnajua sio Kibo, Kibo unatembea, Mawenzi ni miamba iliyochanika, mawe yanaanguka yenyewe bila kuguswa. Alisema walikuta mizigo imetawanyika na hakutaka kuendelea zaidi ya hapo. Alichokuwa anasimulia zaidi ni baridi, na kwamba walikuwa hawana viatu vya maana. Maisha yake yote hakupanda ndege, watoto wake walimkatia tiketi ya kwenda kumwona mjukuu Mwanza akasema atakwenda kwa basi, na akaenda kwa basi.

Nimefanya kazi mlimani miaka mingi na nasema hili kwa vijana wanaoongoza wageni. Pale Saddle, uwanda ulio kati ya vilele viwili, ukitoka kambi ya Mawenzi Tarn kwenda Kibo kuna mabaki ya ndege nyingine, ndogo, ya 2008, watu wanne walifia pale. Wageni wote wanakimbilia kupiga picha wanapanda juu ya bati wananyoosha vidole viwili. Waambieni. Mgeni akiambiwa watu walifia hapa anashuka mwenyewe bila ugomvi, ila kama kiongozi ndiye anayempiga picha utamlaumu nani.

---

Nimekaa Paleee

Mzee shikamoo. Hapa nimeweka karanga pembeni.

---

Ole wa Endulen

Mzee wa Marangu shikamoo, na pole, simulizi kama hiyo inakaa kwenye nyumba.

Sisi kwetu Ngorongoro babu alikuwa na habari yake moja, kwamba alipokuwa moran anachunga ng'ombe huko tambarare ya Serengeti aliona pundamilia anaruka. Sio kuruka mtaro, kuruka angani, anapiga kelele, anazunguka, anarudi. Alisema aliona na wenzake wawili na wote walikimbia. Watoto wake walikua wakimcheka, wajukuu tukamcheka, akienda kwenye vikao mtu akidanganya wanamwambia "hiyo ni ya pundamilia wako". Alizeeka na hiyo kejeli.

Mimi nilipokwenda chuo cha wanyamapori Mweka ndio nikakutana na picha darasani. Ndege aina ya Dornier Do 27 imepakwa mistari ya pundamilia mwili mzima, mabawa, kila kitu. Ilikuwa ya Wajerumani wawili baba na mwana, profesa Bernhard Grzimek na Michael, walikuja nayo 1958 kuhesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani na kufuatilia wanahama kwenda wapi. Michael alifariki tarehe 10 Januari 1959, ndege iligonga tai akiwa peke yake angani, na kaburi lake liko ukingoni mwa kreta mpaka leo, wageni wote wanaoingia Ngorongoro wanalipita. Baba yake alifariki 1987 akaja kuzikwa hapo hapo.

Niliichapisha ile picha nikaja nayo nyumbani likizo. Babu macho yalikuwa yameshafifia, nikamwelezea, akashika karatasi akaisogeza karibu na pua muda mrefu halafu akasema waite wale wote. Wote maana yake ni ukoo mzima wa waliomcheka, na wengine walikuwa wameshakufa. Tulichinja mbuzi siku ile kwa amri yake na wanangu, yaani watoto wa kaka zangu, hakuna anayethubutu kusema neno.

Na kuna nyingine ndogo. Mdogo wetu wa mwisho nyumbani tunamwita Sesna. Mama alishikwa uchungu vibaya kipindi cha masika, barabara ya kreta ni tope tupu, hospitali ikapiga redio ikaja ndege ndogo ya Sesna kumchukua, vijana wanakimbiza ng'ombe na punda kwenye kiwanja ipate pa kutua, viti vya nyuma vimetolewa kuna machela. Akajifungulia Arusha usiku ule ule. Cheti cha kuzaliwa kina jina lingine la Kikristo lakini hata benki alipokwenda mwaka jana meneja ni mtu wa kwetu akamwita Sesna mbele za watu.

Ambalo wengi hawajui ni kwamba wazo lenyewe la madaktari wa kuruka hapa Afrika Mashariki lilizaliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Daktari mpasuaji Michael Wood alikuwa na shamba huko, na mwaka 1956 yeye na wapasuaji wenzake wawili, Archibald McIndoe na Tom Rees, wakapanga hapo, 1957 ikaanza, leo ndio shirika la afya la AMREF. Kwa hiyo mdogo wangu Sesna namwambia wewe ni mjukuu wa Wachaga kwa namna fulani, anakataa kabisa.

---

Binti wa Mabogini

"Waite wale wote" 😂😂 huyo babu angekuwa hai ningemletea sukari.

---

Mlipa Kodi

Hapa nimeishiwa utani. Ila swali la kweli sasa, Mjukuu wa Fundi, hao wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani si ndio wale waliodai mafao yao miaka nenda rudi? Babu yako alipata chochote?

---

Mjukuu wa Fundi (Moshi)

Mkuu hiyo tuiache, shangazi akiisikia hapa tutalala na njaa. Alikwenda Dar kwenye vikao vyao, alirudi, akaendelea na mashine zake za kahawa.

Kitu ambacho nimekielewa kutokana na nyie ni kile kimya chake. 1977 sio kazi tu ilikufa, mpaka ulifungwa, Namanga haipitiki mpaka 1983, na wenzake wa zamu nusu walikuwa Wakenya na Waganda. Hizi herufi pembeni ya kila kazi nimezihesabia, kuna "O" inarudi karibu kila ukurasa, hasa zamu za usiku. Kuna mahali ameandika "O. mgonjwa, nimefanya peke yangu." Kuna "Mk." na kuna "J.L." Ningependa kujua hao ni kina nani, kama yuko hata mmoja hai.

Na Kipanga, 5H-MOG unasema iko Dunsfold, ukiwa na mtu Uingereza anaweza kwenda kuiona kweli? Binamu yangu yuko Reading anabeba boksi.

---

Kipanga wa Usa River

ZA150 ndiyo ilihifadhiwa, iko chini ya jumba la makumbusho la Brooklands, ambalo lenyewe liko Weybridge, hapo hapo VC10 zilipotengenezwa. Ndege yenyewe ilibaki Dunsfold kwa hiyo binamu aulize Brooklands kwanza kabla ya kupoteza nauli ya treni. Akifika asiseme anakuja kuona ndege ya jeshi. Aseme babu yake aliifunga haidroliki Embakasi 1974 au mwaka wowote ulioandikwa humo, na atume picha ya ukurasa. Watu wa makumbusho wanazo karatasi za jeshi tele, za miaka yake ya Nairobi mwandiko wa fundi mwenyewe sidhani kama unaokotwa kirahisi.

Daftari piga picha kila ukurasa mchana karibu na dirisha, bila flashi. Usipeleke kwa wale wa steshenari wakubandikie plastiki, joto la ile mashine linamaliza wino wa zamani. Liweke kwenye bahasha ya karatasi, sio mfuko wa nailoni, nailoni inatoa jasho.

---

Mama Kiboriloni

Jamani mimi huwa nasoma tu siandikagi ila leo imebidi.

Mjukuu wa Fundi, baba mkwe wangu alikuwa Embakasi, umeme wa ndege, alirudi na lile kundi la 1977. Yuko hai, ana miaka themanini na kitu, anatengeneza redio mpaka kesho ingawa hakuna mtu mwenye redio. Nimemsomea haya yote jioni hii, ya Mawenzi akanyamaza, ya pundamilia akacheka sana, nilipofika kwenye breki ya kushoto zamu ya usiku akanikatisha akasema 5H-MMT breki zake zilikuwa zinasumbua kila mtu. Nikamuuliza "O" ni nani. Akasema kulikuwa na Odhiambo wawili, mrefu na mfupi, inategemea ni mwaka gani na zamu gani. "J.L." anasema anamjua lakini hatasema kwenye simu ya mtu.

Njoo Jumamosi mchana baada ya saa nane, kabla ya hapo analala. Panda Hiace za Kiboriloni ushuke sokoni utoe taarifa, kijana wangu atakufuata. Njoo na daftari lenyewe mwanangu, usije na picha za kwenye simu, macho hayapo. Na ukija na shangazi itakuwa vizuri, anasema kama ni huyo Fundi anayemdhani basi alikuwa na dada mmoja ambaye anataka kumuulizia.

---

Mjukuu wa Fundi (Moshi)

Shikamoo mama. Shangazi hapa ameshaanza kupiga pasi.